Jina la Ugonjwa wa Nyasi: Jinsi Bakteria Mpya Anavyotambuliwa na Kwa Nini Jambo Hili Linamhusu Mkulima wa Nakuru

Nakala ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, siku ya wakulima, Njoro.

 

Mimi si daktari wa mimea. Nimesomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuchukua yale wataalamu wanayosema na kuyafikisha kwenu bila kuyapotosha. Wenzangu wa idara ya kilimo watawaonyesha mambo ya vitendo baada ya chakula. Mimi nimeombwa kujibu swali ambalo tumeulizwa mara nyingi: wataalamu wanajuaje kwamba bakteria waliyemkuta kwenye nyasi ni mpya? Na akishapewa jina la Kilatini, mimi mwenye ng'ombe wawili napata nini?

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba hili si tangazo la mlipuko. Mtu asitoke hapa akapiga simu nyumbani kusema nepia ya Nakuru imekwisha. Nimekuja kuzungumza kuhusu ugonjwa unaojulikana zaidi magharibi mwa nchi yetu, ili tuutambue mapema ukitubishia hodi.

Na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kosa langu

Kabla ya kuajiriwa na kaunti nilikuwa ripota. Siku moja nilitumwa magharibi kuandika kuhusu bei ya maziwa. Mama mmoja akanionyesha shamba lake la nepia, hii ambayo wengine huita mabingobingo. Kila baada ya kukata, mashina kadhaa yalikuwa yanachipua vibaya: machipukizi mengi mno, mafupi, yamesongamana kama ufagio, majani membamba ya rangi ya njano. Nilimuuliza muuza mbolea sokoni, akaniambia udongo umechoka. Nikaandika hivyo hivyo. Sikumtafuta mtaalamu hata mmoja.

Mwaka uliofuata nilipita tena. Yule mama alikuwa amenunua mbolea mara mbili. Tena, kwa kuwa aliamini nyasi yake ina njaa tu, alimpa binti yake aliyeolewa vipandikizi vya kupanda kwake. Mashamba yote mawili yalikuwa yameharibika, naye alikuwa ameuza ng'ombe mmoja. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, mbolea nilinunua kama ulivyoandika."

Tangu siku hiyo ninapoandika jina la ugonjwa, mkono hutetemeka kidogo. Ukikosea jina, unakosea dawa. Ukikosea dawa, unapeleka ugonjwa kwa jirani huku ukidhani unamsaidia.

Kutoka Bungoma hadi maabara

Ugonjwa ule una historia. Uliripotiwa Bungoma mwaka 1997. Wakulima waliona nepia ikidumaa na kugeuka njano, hasa baada ya kukatwa au kulishwa, na mwisho shina zima likafa. Wapo waliosema ni udongo, na wapo waliosema ni virusi. Jibu lilichapishwa mwaka 2004, baada ya watafiti wa iliyokuwa KARI, ambayo leo ni KALRO, kushirikiana na wenzao wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza. Walikuta ndani ya nyasi ile bakteria wa aina iitwayo fitoplasma.

Hesabuni wenyewe: kutoka 1997 hadi 2004 ni miaka 7. Kwa nini ilichukua muda wote huo? Kwa sababu fitoplasma ni kiumbe mgumu kumkamata.

Bakteria wengi wana ukuta unaowazunguka, kama boma. Fitoplasma hana ukuta huo. Anaishi ndani ya mishipa midogo ambayo mmea hutumia kusafirisha sukari kutoka kwenye majani, na pia ndani ya mwili wa wadudu wanaofyonza utomvu. Ukimtoa huko ukamweka kwenye sahani ya maabara yenye chakula, kama wanavyofanya kwa bakteria wengine, haoti. Ndiyo maana kwa miongo mingi wanasayansi duniani walidhani magonjwa ya namna hii yanaletwa na virusi. Mwaka 1967 watafiti wa Japani walichunguza mimea iliyodumaa, ukiwemo mforosadi, kwa darubini ya elektroni, wakaona viumbe hawa wamejaa kwenye mishipa yake.

Kwa hiyo yule mama wa magharibi hakuwa mjinga, na hata muuza mbolea hakuwa mwongo. Walikuwa wanatazama kitu ambacho hata maprofesa walikitazama muda mrefu bila kukijua.

Bakteria anavyotambuliwa

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Bakteria hana uso. Chini ya darubini wengi wanafanana: duara, kijiti, nukta. Huwezi kuwatofautisha kwa sura kama unavyotofautisha Friesian na Ayrshire. Basi wataalamu hufanya nini?

Huchukua majani ya nyasi iliyougua na ya nyasi yenye afya, wakatoa DNA, yaani ule mwongozo wa urithi ulio ndani ya kila kiumbe. Kisha hutafuta kipande kimoja ambacho kila bakteria anacho, kiitwacho 16S. Kipande hiki kina herufi zipatazo 1,500, na hubadilika polepole sana kutoka kizazi hadi kizazi. Mfikirie kama alama ya ukoo kwenye sikio la ng'ombe: ukiiona unajua ametoka boma gani, hata kama humjui mwenyewe.

Kwa kuwa fitoplasma ni wachache ndani ya jani, mashine hutumika kunakili kipande hicho mara nyingi hadi kionekane. Halafu kinasomwa herufi kwa herufi na kulinganishwa na vipande vya bakteria wanaojulikana, ambavyo vimehifadhiwa katika hazina za data za kimataifa.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Mwaka 2004 wataalamu wa fitoplasma walikubaliana kwamba, kwa kawaida, kama kipande hicho kinafanana na cha jamaa yake wa karibu kwa chini ya asilimia 97.5, basi huyo ni spishi mpya. Katika herufi 1,500, hiyo ni tofauti ya takriban herufi 37. Mwaka 2022 kipimo kilisahihishwa kikawa asilimia 98.65, yaani tofauti ya takriban herufi 20. Zaidi ya hapo, siku hizi husoma DNA yote, si kipande kimoja, ili kupata uhakika zaidi.

Angalieni jambo moja hapo. Mpaka kati ya spishi na spishi haukuandikwa na mbingu. Ni makubaliano ya watu, na watu hao huyarekebisha wanapopata ushahidi bora. Mtaalamu akikuambia leo jina limebadilika, usidhani jana alikudanganya. Hata nepia yenyewe, ambayo vitabu vya shule viliiita Pennisetum purpureum, sasa inaitwa Cenchrus purpureus. Ng'ombe hajalalamika, lakini wataalamu wameelewa vizuri zaidi ndugu zake ni nani.

Jina kamili na jina la kusubiri

Kupewa jina kamili kuna masharti yake. Bakteria lazima aoteshwe peke yake maabarani, bila mchanganyiko. Mbegu yake lazima iwekwe kwenye hifadhi mbili za bakteria, katika nchi mbili tofauti, ili mtafiti mwingine yeyote aweze kuomba na kuhakikisha. Maelezo yake yachapishwe, na jina liorodheshwe katika jarida la kimataifa linalosimamia kazi hiyo.

Mfano tunao hapa jirani. Ziwa Bogoria, kwa wenzetu wa Baringo, lina maji ya magadi makali ambayo wengi tungedhani hayana kiumbe zaidi ya ndege heroe na mwani wanaokula. Mwaka 1997 bakteria aliyetoka kwenye udongo wa ziwa hilo alipewa jina Bogoriella caseilytica. Sehemu ya kwanza ni Bogoria yetu. Ya pili inasema kwamba anavunjavunja kasini, ile protini ya maziwa. Mwaka 2005 akaja mwingine, Cellulomonas bogoriensis, kutoka kwenye tope la ukingo wa ziwa hilo hilo. Huyu jenasi yake inajulikana kwa kuvunja selulosi, kitu kinachojenga nyasi na miti. Hao wawili walioteshwa, wakahifadhiwa, wakapata majina kamili.

Fitoplasma haoteshwi, basi hawezi kutimiza sharti la kwanza. Kwa viumbe wa namna hii, tangu miaka ya 1990 kuna utaratibu wa kuwapa jina la kusubiri, linaloanza na neno la Kilatini Candidatus, yaani mtarajiwa. Ni kama cheti cha muda. Kinamtambulisha mwenyewe, lakini kila anayekisoma anajua bado kuna kitu hakijakamilika.

Ukoka wa kando ya njia

Hapo sasa tunafika kwenye nyasi za porini. Mnaujua ukoka, ile nyasi inayotambaa kando ya barabara na kwenye viwanja vya shule, ambayo wataalamu huiita Cynodon dactylon. Mahali pengi duniani ukoka hupatwa na ugonjwa unaofanya majani yawe meupe na madogo, na machipukizi yasongamane. Mwaka 2004 fitoplasma anayehusishwa na ugonjwa huo alitangazwa kuwa spishi inayojitegemea, akaitwa Candidatus Phytoplasma cynodontis. Spishi mpya, kutoka kwenye nyasi ambayo mtu hukanyaga akienda dukani.

Na yule wa nepia ya Bungoma? Hapa kuna funzo. Wengi wangetarajia aitwe spishi mpya na kupewa jina la Kenya. Lakini kipande chake cha 16S kiliposomwa, kilionekana kuwa cha ukoo wa fitoplasma ambaye tayari alikuwa ametangazwa mwaka 2003 kutoka kwenye mpunga wa Asia, Candidatus Phytoplasma oryzae. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa ILRI jijini Nairobi, walichapisha rasimu ya DNA nzima ya fitoplasma wa nepia aliyechukuliwa Mbita, wakamweka chini ya jina hilo. DNA yake yote ina herufi 530,000 na kidogo. Bakteria wa kawaida wa tumboni ana zaidi ya milioni 4. Fitoplasma amepoteza sehemu kubwa ya vifaa vya kujitafutia, na ndiyo maana hawezi kuishi bila mmea au mdudu.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa mpya kwetu, lakini spishi haikuwa mpya. Mwandishi mwenye haraka angeandika kwamba bakteria mpya amegunduliwa Kenya. Angekuwa amekosea, kama mimi nilivyokosea kuhusu mbolea.

Mwaka huo huo wa 2016 ulichapishwa pia utafiti juu ya nyasi za porini za Afrika Mashariki. Watafiti walikusanya sampuli Kenya, Uganda na Tanzania, wakakuta kwamba aina kadhaa za nyasi za porini zinabeba fitoplasma wa koo hizo mbili, ule wa nepia na ule wa ukoka. Maana yake ni kwamba unaweza kung'oa nepia yote iliyougua shambani, na ugonjwa bado ukawa na mahali pa kujificha kwenye kichaka cha mpakani.

Jina limetusaidia nini

Jina lilipopatikana, maswali sahihi yalianza kuulizwa. Kama ni fitoplasma, basi kuna mdudu anayembeba. Watafiti wa ICIPE huko Mbita wakakusanya wadudu wanaofyonza nepia, wakawalisha kwenye nyasi iliyougua, kisha wakawahamishia kwenye nyasi yenye afya ndani ya vizimba, wakasubiri. Katika wale waliojaribiwa, mmoja ndiye aliyeambukiza: mdudu mdogo arukaye ukiligusa jani, aitwaye Maiestas banda. Hilo lilichapishwa mwaka 2009. Bila jina la ukoo, nani angejua aanze kutafuta mdudu?

Hapa kwetu tumeshaona thamani ya jambo hili kwenye mahindi. Mnakumbuka Septemba 2011, mahindi ya Bomet yalipoanza kukauka yakiwa bado machanga. Kulikuwa na kila aina ya maneno: mbegu bandia, mbolea, hali ya hewa. Vipimo vilionyesha ni virusi viwili vinavyoshirikiana, ugonjwa tunaouita MLN. Baada ya kujulikana, mwaka 2013 kituo cha kupima mahindi dhidi ya ugonjwa huo kilifunguliwa Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii. Na hapa Njoro, ngano hupimwa dhidi ya kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyopewa jina la Uganda na mwaka 1999. Hakuna anayeweza kuzalisha mbegu inayostahimili ugonjwa usiojulikana.

Nepia inapodumaa, usikimbilie dukani

Sasa niwape yale ambayo wataalamu wamenihakikishia, nanyi mniulize maswali baadaye.

Kwanza, tofautisheni mambo matatu. Nepia yenye njaa ya mbolea hugeuka njano kwa eneo pana, ikianza na majani ya chini ya zamani, na hupona ikipata samadi. Nepia yenye ugonjwa wa masizi hutoa maua mapema, na mashada yake hujaa unga mweusi; huo huletwa na kuvu, na ndio ambao aina ya Kakamega 1 huuvumilia. Nepia yenye fitoplasma hudumaa shina moja moja, hapa limeugua na pale jirani yake ni zima, na hutoa machipukizi mengi mafupi ya njano baada ya kukatwa.

Pili, dalili mara nyingi hujificha hadi nyasi ikatwe na kuchipua tena. Kipandikizi kinaweza kuonekana kizima kabisa huku kimebeba ugonjwa. Vile vipandikizi vinavyouzwa barabarani kwa gunia, vimefungwa nyuma ya bodaboda, hujui vimetoka shamba gani. Chukueni kwenye shamba mlilolitazama likichipua baada ya kukatwa, au ulizeni afisa wa ugani.

Tatu, hakuna dawa ya kunyunyizia itakayomponya mgonjwa. Samadi huipa nyasi nguvu kidogo, lakini haimwondoi bakteria. Shina lililougua ling'olewe lote na mizizi yake, lichomwe au lizikwe. Msilitupe kwenye mpaka wa jirani.

Nne, msiweke malisho yote kwenye kapu moja. Aliyepanda nepia tupu, siku ikifa hana kitu. Changanyeni na malisho mengine yanayofaa eneo lenu: desmodiamu, lusani, shayiri ya mifugo. Afisa wa wadi yako atakuambia kinachokubali udongo na baridi ya kwenu, maana Molo si Solai.

Tano, mkiona dalili, semeni. Mwambieni afisa wa ugani wa wadi. Yeye anajua namna ya kuifikisha sampuli kwa wenzetu wa KEPHIS, KALRO au Chuo Kikuu cha Egerton. Kupiga picha ni vizuri, lakini picha haina DNA. Na tafadhali msiing'oe sampuli na kuizungusha sokoni mkiwaonyesha watu.

Kuna mama ameniuliza pale nje kama maziwa ya ng'ombe aliyekula nyasi hiyo yana madhara. Fitoplasma ni wa mimea na wadudu, na hawajulikani kuambukiza ng'ombe wala binadamu. Hasara yake ni ya tumbo la ng'ombe kukosa chakula, na ndoo kurudi nusu.

Mwisho

Wapendwa, bakteria hupata jina kwa kazi ya watu wengi. Mtaalamu husoma herufi, lakini hawezi kusoma jani ambalo hajaletewa. Ugonjwa wa Bungoma haukuanza kujulikana maabarani. Ulianza na mkulima aliyesimama shambani akasema, hii nyasi haiko sawa. Sehemu ile ya kwanza ya kazi ni yenu, na hakuna mashine inayoweza kuwafanyia.

Na sisi wa habari tuna sehemu yetu. Nawaahidi kwamba gazeti hili la kaunti halitaandika jina la ugonjwa wowote wa mimea kabla halijathibitishwa na wanaohusika. Mkiona tumeandika bila uthibitisho, tuulizeni, tena hadharani. Yule mama wa magharibi alistahili hivyo kutoka kwangu, na hakupata.

Sasa twendeni shambani, maafisa wanatungoja.